Helikopta ya rimoti daraja la 450 kwa anayeanza: ipange mezani kwanza

ShaftiKuu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Maswali ya helikopta za rimoti yamekuwa mengi humu, na karibu yote yanafanana. Mtu ameagiza, amefungua boksi, amechaji betri, amepeleka uwanjani, imejizungusha kama pia na kulala ubavu. Wanaomjibu humwambia akajifunze kurusha. Mimi naona shida inaanzia mapema zaidi. Helikopta nyingi za wanaoanza huvunjika kwa hitilafu ambazo zingeonekana mezani, kabla mapanga (yale mabawa yanayozunguka) hayajafungwa na mota haijaunganishwa. Kwa hiyo uzi huu utakaa sana mezani. Kurusha tutakugusa mwishoni, tena kidogo.

Nazungumzia daraja la 450, yaani zile zenye mapanga makuu ya milimita 325, betri ya LiPo (lithiamu polima) ya seli 3 yenye mAh 2200, na mapanga yanayobadilisha pembe. Align T-Rex 450 ndiyo iliyozoeleka, na kuna nakala nyingi za Kichina zinazotumia vipuri vilevile. Nimeichagua kwa sababu ndiyo inayopatikana sana ikiwa imetumika, vipuri vyake ni rahisi kuagiza, na ukiielewa hiyo, kubwa zaidi hazitakusumbua.

Helikopta hizi haziongezi nguvu kwa kuzungusha mapanga haraka zaidi. Mapanga huzunguka kwa kasi ileile karibu muda wote, kinachobadilika ni pembe yake. Stiki ya kushoto ikipanda, mapanga yote mawili yanaongeza pembe kwa pamoja, helikopta inapanda. Ikishuka chini ya katikati, pembe inaweza kuwa hasi na helikopta ikasukumwa kwenda chini. Ndiyo maana makosa ya digrii mbili tatu tu yanatosha kuifanya isishikike.

La usalama naliweka hapa juu makusudi. Rota ya 450, yaani duara la mapanga yakizunguka, ina kipenyo cha takriban sentimita 71. Ikizunguka mara 2400 kwa dakika, ncha ya panga inakwenda karibu mita 89 kwa sekunde, ambayo ni kama kilomita 320 kwa saa. Ikikupata usoni au shingoni hutakuwa na muda hata wa kukwepa. Usiiwashe ndani ya nyumba, usiiwashe watoto wakiwa wamekuzunguka, na usiishike mkononi mapanga yakiwa yamefungwa na betri imechomekwa.

---

Ngalawa77

Mkuu ahsante kwa uzi, nimekaa mbele kabisa. Swali: kwa nini mtu asianze na ndogo za bei rahisi kwanza? Nimeona za Syma na WLtoys.

---

ShaftiKuu

Aanze nazo, hakuna ubaya, ila ajue kila moja inafundisha nini. Syma S107 ina rota mbili zilizopandana zinazozunguka kinyume. Inajituliza yenyewe, hivyo utajifunza kutambua kulia na kushoto pale pua inapokuelekea, basi. WLtoys V911 ina rota moja na chaneli nne (njia nne za kuiamuru), hiyo tayari inakufundisha kuishikilia isiondoke. Lakini zote mbili pembe ya mapanga haibadiliki. XK K110 ndiyo ndogo inayofanya kazi kama 450, na kwa uzito wake ukiiangusha kwenye majani mara nyingi unaiokota na kuendelea.

Kinachozidi vyote ni simuleta. RealFlight au HELI-X kwenye kompyuta, unachomeka rimoti yako mwenyewe, unavunja helikopta za kwenye skrini hadi vidole vizoee. Panga moja la kweli likivunjika ni wiki kadhaa za kungoja mzigo kutoka China. Kwenye simuleta unabonyeza kitufe. Mtu akiniambia ana hela ya helikopta lakini hana ya simuleta, namwambia apunguze helikopta.

---

ShaftiKuu

Tuanze. Hatua ya kwanza ni mwili wa helikopta wenyewe, bila umeme wowote.

Hata kama imekuja imefungwa tayari kiwandani, fungua skrubu moja moja na uirudishe. Zile zinazoingia kwenye chuma zipakwe gundi ya skrubu, ile ya bluu, tone dogo tu. Zinazoingia kwenye plastiki zisipakwe, gundi hiyo huwa inaila plastiki na kuipasua. Tumia alenki nzuri za chuma kigumu. Zile zinazokuja bure kwenye boksi hula kichwa cha skrubu, na skrubu iliyoliwa kichwa kwenye shafti ya rota itakupotezea siku nzima.

Kisha gia. Gia ndogo ya mota na gia kubwa zisibanane wala zisiachane sana. Weka kipande cha karatasi ya daftari katikati, sukuma mota hadi karatasi ibanwe, kaza skrubu za mota, halafu zungusha gia karatasi itoke. Ikitoka imekunjwakunjwa bila kuchanika, nafasi ni nzuri. Zungusha gia kubwa mzunguko mzima ukisikiliza kwa vidole, maana gia nyingine si duara kamili na kuna upande utabana zaidi. Panga nafasi kwa kufuata ule upande unaobana.

Kama mkia unaendeshwa kwa mkanda, bonyeza mkanda huo kwa kidole au kijiti kupitia tundu la fremu. Usilegee hadi pande mbili zigusane, na usikazwe kama waya wa gitaa. Hakikisha pia umesokotwa upande sahihi. Rota kuu ikizunguka kufuata mshale wa saa ukiitazama kutoka juu, angalia kwenye kitabu cha helikopta yako mapanga ya mkia yanatakiwa yazunguke upande gani, na uone kwa macho yako kwamba yanafanya hivyo.

Mwisho wa hatua hii ni uzito. Weka betri mahali pake, ishike helikopta kwa kichwa cha rota, mapanga yakiwa yamekaa pembeni kulia na kushoto. Isimame sawa, isiiname pua wala mkia. Ikiinama sogeza betri. Watu hulipuuza hili, halafu wanatafuta ugonjwa kwenye jairo, kile kihisi cha mzunguko kinachoituliza helikopta.

---

Mtaa wa Pili

Mkuu mimi nimenunua mtumba kwa mtu hapa mjini, aliniambia haijawahi kuanguka. Nitajuaje?

---

ShaftiKuu

Ichukulie kama imewahi. Toa mapanga, toa ile shafti nyembamba inayopita katikati ya kichwa ikishikilia vishikio vya mapanga mawili. Ilaze juu ya kioo, uiviringishe kwa kidole. Ikiyumba au mwanga ukipita chini yake, imepinda, tupa. Fanya vilevile kwa shafti kuu ndefu. Hizi mbili hupinda hata kwa ajali ndogo, na zikipinda unapata mtetemo ambao kisanduku cha jairo kitautafsiri kama helikopta inasogea, kitaanza kupigana nao. Mtu anabadilisha mipangilio wiki nzima, kumbe ni shafti ya bei ndogo.

Angalia pia meno ya sevo, zile mota ndogo zinazosukuma rodi za kuongoza. Zungusha mkono wa sevo polepole kwa kidole bila umeme. Ukisikia mahali panaruka au panakwama, jino limevunjika. Mapanga yenyewe yatazame kwenye mwanga mkali, hasa sehemu ya tundu la boliti. Panga lenye ufa halitengenezwi kwa gundi, liondoe kabisa lisije likachukuliwa na mwingine.

---

ShaftiKuu

Hatua ya pili, nayo naomba msiikimbie: rimoti, sevo na swashipleti.

Swashipleti ni ile sahani ya chini ya kichwa cha rota inayopanda, kushuka na kuinama. Sevo tatu zimeishikilia kwa nafasi za digrii 120. Zikipanda zote, sahani inapanda na mapanga yanaongeza pembe. Moja ikipanda na nyingine zikishuka, sahani inainama na helikopta inaelekea huko. Kazi yote ya kuongoza inapita hapo.

Kabla ya kuchomeka betri, chomoa waya mbili kati ya tatu zinazotoka ESC (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota) kwenda kwenye mota, uzitenganishe zisigusane. Sasa mota haiwezi kuzunguka hata ukikosea. Kwenye rimoti tengeneza modeli mpya ya aina ya helikopta, na trimu zote (virekebisho vidogo vya stiki) ziwe sifuri. Kama helikopta yako haina flaiba, yaani ina kisanduku cha jairo chenye kuhisi pande zote tatu kama Microbeast na wenzake, kazi ya kuchanganya sevo, yaani kuzipa zote tatu amri zifanye kazi pamoja, inafanywa na kisanduku. Rimoti iache kwenye swashipleti ya kawaida ya sevo moja moja. Ukichanganya kwenye rimoti na kwenye kisanduku kwa pamoja, sahani itafanya vituko.

Sasa fuata mpangilio huu, usiruke.

Stiki ya kushoto katikati kabisa. Mikono ya sevo zote tatu isimame digrii 90 na rodi zake. Ikishindikana kwa kuhamisha jino, malizia kwa kurekebisha ndani ya kisanduku, kila kimoja kina sehemu hiyo.

Sukuma stiki juu. Sevo zote tatu zipeleke sahani juu ikiwa imelala sawa. Inayokwenda kinyume, igeuze mwelekeo.

Rudisha stiki katikati. Sahani iwe usawa, rekebisha urefu wa rodi za chini hadi iwe hivyo. Kuna kifaa cha plastiki kinachovaliwa kwenye shafti kuu kusawazisha sahani. Kinunue, jicho hudanganya.

Bado stiki iko katikati. Funga kipimo cha pembe kwenye panga. Kisome sifuri. Kisiposoma sifuri, rekebisha rodi za juu zinazotoka kwenye sahani kwenda kwenye vishikio vya mapanga. Pima na panga la pili. Sifuri hii ndiyo msingi, kila kitu kinachofuata kimekaa juu yake.

Ndipo upange mwisho wa juu na wa chini. Kichwa chenyewe kiwe na uwezo wa kama digrii 11 juu na 11 chini bila kitu kugusana au kukwama. Huo ni uwezo wa mashine. Wewe unayeanza hutautumia wote. Kwenye rimoti, katika hali ya kawaida, weka stiki ikiwa chini kabisa isome hasi 3, katikati kama 4 au 5, juu 10 (ile sifuri ya katikati ilikuwa ya kupangia mezani tu). Pembe ya kuning'inia hewani ni karibu 5, kwa hiyo helikopta itatulia stiki ikiwa karibu na katikati, na ukishtuka ukashusha stiki yote haitajipigiza chini kwa hasira.

Jaribu stiki ya kulia. Ukiipeleka mbele, sahani iiname mbele. Kulia, iiname kulia. Halafu jaribio ambalo limeokoa helikopta nyingi: inua helikopta kwa mkono, iinamishe pua chini haraka. Sahani inatakiwa iiname nyuma, kana kwamba inataka kubaki usawa na ardhi. Ilaze kulia, sahani iende kushoto. Ikifanya kinyume usiirushe, kwa sababu itajipindua ndani ya nusu sekunde na hakuna kidole kinachoweza kuiwahi. Geuza mwelekeo wa jairo kwa upande huo, rudia jaribio.

---

Ngalawa77

Yangu ina ile fimbo yenye vibao viwili juu. Hiyo ndiyo flaiba? Niitoe?

---

ShaftiKuu

Ndiyo hiyo, na usiitoe. Wazo lake ni la zamani. Linatokana na fimbo ya kutuliza ya Arthur Young wa kampuni ya Bell, na vibao vya Stanley Hiller, vyote vya miaka ya 1940 kwenye helikopta za kweli. Mjerumani Dieter Schlüter, aliyefanikisha helikopta za rimoti mwishoni mwa miaka ya 1960, alifika huko bila kompyuta ya aina yoyote ndani yake. Flaiba ikiwa imenyooka na vibao vyake viko usawa, helikopta inaelea vizuri kabisa. Kwako jairo ni ya mkia peke yake na kuchanganya sevo kunafanywa na rimoti, kwa hiyo chagua swashipleti ya digrii 120 kwenye rimoti. Hatua nyingine zote ni zilezile, isipokuwa lile jaribio la kuinamisha halikuhusu.

---

Mama Zuhura

Habari zenu. Mwanangu yuko kidato cha tatu, mjomba wake kamletea moja ya hizi kutoka nje. Mimi kinachonitia hofu ni betri. Nimesikia zinalipuka. Anachajia chumbani kwake.

---

ShaftiKuu

Mama, hofu yako iko mahali pake, na nashukuru umeuliza. Betri hizi zina nguvu sana na zikiumia hushika moto ambao si rahisi kuuzima. Zikitunzwa hazina neno. Mambo ya kumsimamia ni haya.

Achajie sakafuni kwenye vigae au saruji, mbali na godoro, pazia na nguo, na awepo macho muda wote betri ikiwa kwenye chaja. Akilala, chaja izimwe. Chaja iwe ile inayosawazisha seli, ichomekwe ile plagi nyeupe ndogo pia, siyo plagi kubwa peke yake. Betri ya mAh 2200 ichajiwe kwa ampea 2.2, asiongeze ili iwahi.

Seli moja ikijaa ni volti 4.2, isizidi hapo. Ikikaa bila kutumika, chaja inayo sehemu ya kuhifadhi inayoiacha kwenye volti 3.8 kila seli. Betri iliyojaa ikiachwa kabatini wiki kadhaa inachoka na kuvimba. Iliyovimba, iliyotobolewa au iliyobonyea baada ya ajali isichajiwe tena, itolewe nje ya nyumba. Baada ya helikopta kuanguka, betri ikae nje juu ya saruji kwa muda akiitazama, maana moto unaweza kuchelewa.

Na mwambie mjomba, akisafiri tena, betri za akiba haziruhusiwi kwenye begi linaloingia chini ya ndege. Abebe mkononi, plagi zimefunikwa. Ya ukubwa huu ni kama Wh 24, iko chini sana ya kikomo cha Wh 100.

---

Mama Zuhura

Ahsante sana. Leo hii chaja inahamia sebuleni.

---

ShaftiKuu

Hatua ya tatu, mkia. Hapa ndipo "imejizungusha kama pia" inapotokea.

Rota ikizunguka kufuata mshale wa saa, mwili unataka kuzunguka kinyume, pua inavutwa kushoto. Kazi ya mkia ni kuizuia, na jairo ndiyo inayofanya hivyo mara nyingi kwa sekunde bila wewe kugusa kitu. Ila inahitaji kuanzia mahali pazuri.

Sevo ya mkia ikiwa katikati, mkono wake usimame digrii 90. Kile kipande kinachoteleza kwenye shafti ya mkia kiwe karibu na katikati ya njia yake. Kunja mapanga ya mkia pamoja yaelekee upande mmoja. Utaona hayalali sambamba kabisa, yana pembe ndogo ya kupinga ule mvuto wa mwili. Hiyo ndiyo unayoitaka. Kisha weka mipaka: sukuma stiki ya mkia hadi mwisho kulia, kisha kushoto, kipande kiteleze karibu na mwisho wa njia bila sevo kulia kwa kubanwa. Sevo inayonguruma ikiwa imesimama inajiua.

Sasa jaribio la mwelekeo, na hili lifanye kila unapogusa chochote cha mkia. Peleka stiki ya mkia kulia, angalia kipande kinateleza upande gani. Kumbuka upande huo. Acha stiki. Shika helikopta, zungusha pua kushoto ghafla. Kipande kinatakiwa kiteleze upande uleule wa stiki ya kulia, kwa sababu jairo inajaribu kuirudisha pua kulia. Kikiteleza kinyume, jairo itasaidia kuizungusha badala ya kuizuia.

Mtu akinitumia video ya helikopta inayozunguka mara tu inapokuwa nyepesi, nauliza jaribio hili kwanza. Mara nyingi maongezi yanaishia hapo.

---

Fundi Redio

Mkuu naomba niongezee kwenye mkia, maana nimekutana na sevo zilizoungua. Kisanduku cha jairo kina sehemu ya kuchagua aina ya sevo ya mkia. Za kawaida, mpigo wa amri wa katikati ni maikrosekunde 1520, na kuna za mkia maalumu za 760. Ukichagua 760 kwa sevo ya 1520 itakimbilia mwisho na kubana. Pia kuna kasi ya mawimbi, yaani amri ngapi sevo inapelekewa kwa sekunde. Sevo ya analogi ukiipelekea hezi 333 inaungua ndani ya dakika chache. Ukiwa huna uhakika, anza na hezi 50 hadi upate karatasi ya sevo hiyo.

---

ShaftiKuu

Kweli kabisa Fundi, ahsante. Wakuu shikeni hilo la hezi, ndilo linalounguza sevo mpya siku ya kwanza.

---

Ngong Hills

Wadau, niko Nairobi. Yangu nimeset vile video za Marekani zinasema, pembe 5 ya kuhover, lakini haiinuki mpaka stiki ifike juu sana, na betri inaisha haraka. Shida ni motor?

---

ShaftiKuu

Ndugu, kabla ya kulaumu mota, kumbuka uko juu. Nairobi ni kama mita 1700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Mapanga yaleyale, kasi ileile, yanashika hewa pungufu. Kwa hiyo pembe ya 5 ya mtu wa pwani kwako itakuwa karibu 6, au uongeze kasi ya rota. Nguvu ya kunyanyua inafuata mraba wa kasi, hivyo kufidia asilimia 15 unahitaji kuongeza kasi kwa asilimia 8 au 9 tu. Kama ilikuwa 2400, ipeleke karibu 2600.

Kasi ya rota unaikadiria hivi. Mota ya KV 3500 (mizunguko 3500 kwa dakika kwa kila volti) kwa volti 11.1 ni mizunguko 38,850 kwa dakika. Gia ndogo ya meno 13 ikiendesha gia kubwa ya meno 150, unagawa kwa 11.5, unapata karibu 3370 bila mzigo. Throto (kiwango cha nguvu inayopewa mota) ya asilimia 70 inakupa kama 2350, na ikibeba mzigo itashuka kidogo chini ya hapo. Kwa hiyo kwanza angalia throto yako iko asilimia ngapi stiki ikiwa katikati. Wengi huiacha 50 na kushangaa.

Watu wa Arusha mko kama mita 1400, nanyi linawahusu. Hata sisi wa Dar hatujasalimika, hewa ya mchana yenye nyuzi 32 ni nyepesi kwa asilimia 5 hivi kuliko ile ya nyuzi 15 inayotumika vitabuni. Alfajiri inaruka vizuri zaidi, na upepo wa kusi unakuwa bado haujaamka.

---

Ngong Hills

Nimecheki, throto iko 50 katikati. Nimeweka 75. Asante sana. Na hizi sheria za drone za KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, zinatuhusu?

---

ShaftiKuu

Kenya ina kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020, na Tanzania mamlaka ya usafiri wa anga ni TCAA. Usikubali kauli ya "ni ya kuchezea tu", ulizeni ofisini kwao kabla ya kuagiza, kwa sababu forodha ndiko mizigo inakokwama. Na popote ulipo, mbali na uwanja wa ndege na mbali na mikusanyiko.

---

Mtaa wa Pili

Mkuu nimefuata yote, shafti nimebadilisha (ilikuwa imepinda kweli). Kesho naipeleka uwanjani. Nianzie wapi? Halafu nikiwasha ikiwa chini, sahani inainama yenyewe taratibu. Ni ugonjwa?

---

ShaftiKuu

Hongera mkuu. Sahani kuinama ikiwa chini si ugonjwa. Kisanduku kinaona umeagiza mwendo au kimehisi kitu, helikopta haisogei kwa sababu imekaa ardhini, kwa hiyo kinazidisha. Usijaribu kuirekebisha kwa stiki ya kulia ikiwa chini, utaipindua. Acha stiki ya kulia katikati, na ukiamua kuinuka, inuka kwa uhakika.

Kabla ya kutoka nyumbani panga swichi ya kukata mota, ile inayoizima throto hata stiki ikiwa juu. Ifanyie mazoezi hadi kidole kiijue bila kutazama. Helikopta ikielekea kuanguka, kata mota kwanza. Mapanga yakigonga ardhi bila nguvu ya mota unavunja mapanga, yakigonga na mota inasukuma unavunja gia, shafti, mkia na sevo kwa pamoja. Zima pia rimoti ukiwa na waya za mota zimechomolewa uone throto inakwenda sifuri. Sasa ndipo urudishe waya za mota.

Funga miguu ya mazoezi, zile fimbo mbili zilizokatana zenye mipira minne ncha, kwa zipu tai kwenye miguu ya helikopta. Inafanya kusimama vibaya kusiwe kupinduka. Mapanga makuu yakazwe kiasi kwamba ukiilaza helikopta ubavu hayaanguki kwa uzito wake, lakini ukiyasukuma yanasogea.

Uwanjani washa rimoti kwanza, throto chini, swichi imekata, ndipo betri. Usiiguse helikopta hadi jairo imalize kujipima. Rudi nyuma mita 8 au 10, mkia ukuelekee wewe, upepo ukija usoni mwa helikopta. Rudisha mota, iache ipande kasi polepole. Ukisikia mtetemo, mkia unapepesuka au miguu inacheza, kata, rudi mezani.

Ikiwa shwari, inua. Watu hupenda kuiacha ielee sentimita kumi kutoka ardhini wakidhani ndiyo salama. Hapo inaelea juu ya hewa yake yenyewe inayorudi kutoka chini na inateleza huku na huku. Ipeleke hadi usawa wa kiuno au kifua, itatulia. Macho yakae kwenye pua ya helikopta, hata kama mkia ndio uko karibu nawe, na vidole viguse kidogo kidogo. Ikienda mbali kuliko unavyoweza kuishika, ishushe taratibu, tembea uifuate, anza tena. Mkia ukuelekee hadi uchoke nao. Ubavu na pua vitafuata, na vianzie kwenye simuleta.

Taima iwe dakika 4 mwanzoni. Ukirudi nyumbani tazama chaja imerudisha mAh ngapi. Isizidi 1760, ambayo ni asilimia 80 ya betri. Ikizidi, punguza dakika.

---

Mtaa wa Pili

Nimerudi kutoka uwanjani wakuu. Imeinuka! Imekaa hewani, nimeishusha salama. Ila ikiwa juu naona mapanga kama mistari miwili, mmoja juu ya mwenzake, na inatetemeka kidogo.

---

ShaftiKuu

Safi sana mkuu, umenifurahisha kweli.

Hiyo ni mapanga kutofuatana, yaani hayapiti njia moja yakizunguka. Bandika kipande kidogo cha selotepu nyekundu kwenye ncha ya moja na cha rangi nyingine kwenye ya pili, saizi sawa ili uzito usipishane. Irushe tena usawa wa macho lakini ukiwa mbali, usiinamie karibu kutazama ikiwa chini. Uone rangi ipi iko juu. Shusha, kata mota, chomoa betri, kisha fupisha au refusha ile rodi ya juu ya panga lililo juu kwa nusu mzunguko hadi lishuke. Gusa la juu peke yake. Rudia hadi uone mstari mmoja.

Yakifuatana na mtetemo ukabaki, pima uzito wa mapanga kwa mizani ya jikoni ya kidijitali. Likiwepo jepesi, liongezee selotepu.